Kabla Hujalipia Vitabu vya Chuo



Vyuo vingi vya hapa Marekani huanza muhula wa vuli wiki za mwisho za Agosti, na kila mwaka majira haya simu za ofisini kwetu huja na swali lile lile. Mtoto amepata nafasi chuoni, msaada wa serikali umelipa ada, familia imefurahi. Kisha siku tatu kabla ya masomo mtoto anasema anahitaji dola 400 za vitabu. Mama anauliza: si tulisema ada imeshalipwa? Ndiyo, imelipwa. Vitabu ni bili nyingine, na mara nyingi hakuna mtu aliyekaa na familia kuieleza.

Wengi huichukulia bili hii kama nauli ya basi: bei ni hiyo, lipa au shuka. Lakini wanafunzi wawili wanaweza kukaa meza moja, kozi moja, mmoja amelipa dola 180 na mwenzake hajalipa hata senti. Aliyelipa kidogo aliuliza mapema, na alijua la kuuliza. Ndiyo maana tunaandika habari hii sasa na si Septemba.

Kwanza mjue kwa nini bei iko juu hivi. Sokoni tulikozoea, anayekula samaki ndiye anayemchagua. Kwenye vitabu vya chuo mchaguzi ni profesa, mpanga bei ni mchapishaji, na mlipaji ni mwanafunzi, ambaye hakuulizwa kitu. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba kati ya Januari 2006 na Julai 2016 bei ya vitabu vya chuo ilipanda kwa asilimia 88. Kila baada ya miaka michache mchapishaji hutoa toleo jipya, hata kwa hesabu ambazo hazijabadilika tangu enzi za babu zetu, na vitabu vya toleo la zamani vinashuka thamani siku hiyo hiyo.

Bunge la Marekani liliona malalamiko haya. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008, ambayo sehemu yake ya vitabu ilianza kutumika Julai 2010, inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu vionyeshe, kadiri inavyowezekana, namba ya ISBN na bei ya kila kitabu kwenye ratiba ya kozi wakati wanafunzi wanajiandikisha. Maana yake ni kwamba bei unaweza kuiona kabla hujachagua kozi. Kozi moja ya Kiingereza au Saikolojia inaweza kuwa na walimu watano, na kila mmoja ana kitabu chake. Kijana wetu huangalia saa za darasa tu, zisigongane na kazi. Aangalie na safu ya vitabu pia. Katika baadhi ya majimbo kazi hii imerahisishwa. California, kwa mfano, ina sheria inayovitaka vyuo vyake vingi vya umma viweke alama kwenye kozi ambazo hazina gharama yoyote ya vitabu. Alama hizo utazikuta hata kwenye vyuo vya majimbo mengine, kwenye ukurasa ule ule wa kujiandikishia.

ISBN nimeitaja, niieleze. Ni namba ya tarakimu 13 iliyo nyuma ya kitabu, juu ya mistari ya kuskani, inayoanza na 978 au 979. Ndiyo kitambulisho cha kitabu na toleo lake. Usitafute kitabu kwa jina wala kwa rangi ya jalada. Andika tarakimu hizo 13 kwenye tovuti mbalimbali zinazouza vitabu vilivyotumika na zinazokodisha, uone bei zinavyopishana. Duka la chuo liwe mahali pa mwisho pa kununua, isipokuwa kwa sababu moja nitakayoieleza mbele.

Maswali ya kumwuliza profesa

Sisi tumelelewa kwamba mwalimu haulizwi mambo ya pesa. Unaweza hata kuona aibu kumwambia kwamba kitabu ni ghali. Hapa hakuna aibu hiyo. Mwandikie barua pepe fupi wiki mbili kabla ya masomo, umsalimu, ujitambulishe na kozi yako, kisha uulize mambo matatu: Je, toleo la zamani litafaa? Je, kitabu hiki kinatumika kila wiki au ni cha kusomea pembeni? Je, kuna nakala maktaba? Profesa wengi hujibu kwa moyo mweupe. Mara nyingi toleo la nyuma linafaa kabisa. Sura ni zile zile, kilichobadilika ni namba za mazoezi na picha chache. Kitabu cha dola 150 kwa toleo jipya unaweza kukipata kwa dola 15 au 20 kwa toleo lililopita. Mazoezi yenye namba tofauti utayapiga picha kwa mwenzako.

Kwenye silabasi, angalia kama kitabu kimeandikwa ni cha lazima au kinapendekezwa. Kinachopendekezwa usikinunue wiki ya kwanza. Ngoja uone kama kuna mtu anakitumia.

Kukodi ni bora kuliko kununua kwa kozi ambayo hutairudia. Mwanafunzi wa uuguzi afadhali amiliki kitabu cha anatomia, maana atakirudia miaka miwili. Lakini kitabu cha historia cha kukamilisha mahitaji ya shahada, kodi. Weka tarehe ya kurudisha kwenye simu siku hiyo hiyo, kwa sababu ukichelewa kampuni inaweza kukukata bei ya kitabu kizima kwenye kadi.

Utakutana pia na vitabu vilivyoandikwa kwamba ni toleo la kimataifa, jalada laini, karatasi nyepesi, bei chini sana. Wengine huogopa kwamba ni haramu. Kuna kesi maarufu ya kijana kutoka Thailand, Supap Kirtsaeng, aliyekuwa akisoma hapa Marekani. Jamaa zake walimnunulia vitabu halali kwa bei ya kwao, wakamtumia, naye akaviuza huku. Mchapishaji John Wiley akamshtaki. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa kijana ushindi: nakala iliyochapishwa kihalali nchi nyingine, mwenye nayo ana haki ya kuiuza hapa. Kwa hiyo kununua toleo hilo si kosa. Angalia tu kwamba mpangilio wa sura na mazoezi unalingana na wa darasa lako.

Nakala za wizi ni jambo jingine. Najua kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wetu linki huzunguka. Siwapi linki hizo. Faili nyingine huja na virusi, na vyuo vina kanuni za hakimiliki zinazoweza kumletea mwanafunzi barua ya nidhamu. Kwa kuwa kuna vitabu vya bure vilivyo halali, sioni haja ya kujitafutia shida.

Vitabu vya bure vyenyewe ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, Texas, kina mradi uitwao OpenStax, ambao tangu mwaka 2012 hutoa vitabu vya kiada vilivyoandikwa na kuhakikiwa na walimu wa vyuo. Kuna biolojia, kemia, aljebra, saikolojia, sosholojia, uchumi, historia ya Marekani, anatomia na fiziolojia, na tangu 2024 vitabu vya uuguzi pia. Unavisoma kwenye intaneti bila malipo, au unashusha faili la PDF na kulisoma kwenye simu hata ukiwa kwenye basi lisilo na mtandao. Kama profesa wako amechagua kitabu cha kampuni, cha OpenStax bado kinakusaidia kuelewa somo, ingawa namba za kurasa hazitalingana. Kwa kijana anayesoma kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani, kuona jambo moja limeelezwa na waandishi wawili tofauti kuna faida yake.

Halafu kuna maktaba ya chuo. Vyuo vingi huweka nakala ya kitabu cha kozi nyuma ya kaunta, unaazimwa kwa saa mbili au tatu na kukisomea humo ndani. Kwenye tovuti huduma hiyo imeandikwa "course reserves". Saa mbili kati ya darasa na darasa zinatosha kusoma sura moja, na kurasa za mazoezi unazipiga picha. Kitabu kisipokuwepo, maktaba inaweza kukiomba kutoka maktaba nyingine. Maktaba hizo hizo mara nyingi huazimisha vikokotoo na kompyuta. Kikokotoo cha kuchora grafu kipya hupita dola 100. Usikinunue kabla hujauliza.

Pale ambapo ujanja wa mitumba haufanyi kazi

Haya yote yanahusu karatasi. Siku hizi pesa nyingi inakwenda kwenye kitu kisichoshikika, yaani msimbo wa kuingilia. Ni mchanganyiko wa herufi na namba unaofungua tovuti ya mchapishaji, ambako ndiko mazoezi yanafanyiwa na majaribio yanasahihishwa. Majina mtakayokutana nayo ni kama MyLab, Connect, MindTap na WebAssign. Msimbo hutumika mara moja. Hauazimwi, hauuzwi tena, dada hawezi kumwachia mdogo wake. Mwanafunzi asiyekuwa nao hakosi kitabu tu, anakosa alama za kazi za nyumbani, ambazo katika kozi nyingine ni sehemu kubwa ya matokeo.

Kwa hiyo swali la nne kwa profesa, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: je, kozi hii inahitaji msimbo? Kama inahitaji, usinunue kitabu cha karatasi kwanza, kwa sababu mara nyingi msimbo umebeba na kitabu cha kielektroniki ndani yake. Tumeona familia ikilipa mara mbili kwa kitu kimoja. Na usinunue kitabu kilichotumika ambacho muuzaji anasema kina msimbo ndani. Huenda ulishatumika. Kabla ya kulipa, angalia kama tovuti hiyo ina muda wa majaribio. Nyingi huruhusu mwanafunzi aingie bila malipo kwa wiki mbili hivi. Muda huo ni wa kusubiri fedha za msaada bila kukosa kazi za mwanzo. Unapolipa, tumia akaunti ile ile uliyoanza nayo, ili alama zako zisipotee.

Kuna mtindo mwingine unaoenea. Chuo kinaingiza vitabu kwenye bili ya ada moja kwa moja, na siku ya kwanza ya darasa kitabu kiko tayari kwenye kompyuta yako. Majina ya mpango huu hutofautiana kutoka chuo hadi chuo. Wakati mwingine ni wa kozi moja moja, wakati mwingine ni bei ya jumla kwa kozi zote. Si mbaya kwa kila mtu. Mwanafunzi mwenye kozi nne zinazodai misimbo anaweza kuokoa pesa kweli. Lakini mwenye kozi mbili za vitabu vya bure naye anakatwa vile vile, asijue. Kanuni za msaada wa serikali kuu zinasema chuo kinachoweka vitabu ndani ya ada kimpe mwanafunzi njia ya kujitoa, isipokuwa katika hali chache. Kitufe chake huandikwa "opt out", na kina tarehe ya mwisho, mara nyingi wiki za mwanzo za muhula. Fungua bili ya chuo, isome mstari kwa mstari, utafute neno lolote linalohusu vitabu au "course materials". Linganisha jumla hiyo na bei ulizozipata kwa ISBN. Kisha amua kabla ya tarehe. Ukijitoa kwenye kozi yenye msimbo wa lazima, hakikisha una pa kuununua, maana mlango utafungwa.

Fedha za msaada zilipo

Raia, mwenye grini kadi na mkimbizi aliyepokewa rasmi akiwa na hati ya I-94 wote hujaza fomu ya FAFSA kuomba msaada wa serikali kuu. Fomu ni bure, na hujazwa upya kila mwaka. Msaada usiorudishwa unaitwa Pell Grant. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–2025 kilikuwa dola 7,395. Kwenye komyuniti koleji nyingi, mwenye Pell kamili hulipiwa ada yote na hubakiwa na salio. Salio hilo ni la mwanafunzi, kwa vitabu, nauli na maisha, na kwa kawaida chuo kinatakiwa kumpa ndani ya siku 14.

Lakini siku 14 ni nyingi kama jaribio la kwanza ni wiki ya pili. Hapa ndipo penye haki ambayo wanafunzi wetu wengi hawaijui. Kanuni za serikali kuu zinasema mwanafunzi mwenye haki ya Pell, ambaye msaada wake unazidi ada na makaratasi yake yalikamilika kiasi kwamba chuo kingeweza kumlipa siku kumi kabla ya muhula, apewe njia ya kupata vitabu kufikia siku ya saba ya muhula. Vyuo vingi hutimiza hilo kwa kumfungulia mwanafunzi mkopo wa ndani kwenye duka la chuo, unaokatwa baadaye kwenye salio lake. Hii ndiyo ile sababu moja ya kwenda duka la chuo. Bei zake zinaweza kuwa juu, kwa hiyo mimi hushauri mkopo huo utumike kwa misimbo na vitabu vya kukodi, na vilivyobaki visubiri salio. Nenda ofisi ya msaada wa fedha ukaulize: "Nina Pell. Nitapataje vitabu kabla ya siku ya saba?" Uliza hivyo hivyo, kwa heshima, na usiondoke bila jibu.

Makaratasi ndiyo yanayotuangusha. Familia zetu huombwa uthibitisho wa hali ya uhamiaji au mapato mara kwa mara, barua inakaa kwenye barua pepe ya chuo ambayo kijana haifungui, na siku ya saba inapita. Ifungueni Julai. Ukikwama, lete barua hiyo ofisini kwetu.

Chuo pia hupanga makadirio ya gharama za mwanafunzi, na ndani yake kuna fungu la vitabu na vifaa. Kama programu yako inadai sare, stetoskopu au kompyuta, unaweza kuomba makadirio yaongezwe kwa kuonyesha risiti. Muwe waangalifu hapo: mara nyingi kinachoongezeka ni mkopo wa kurudisha, si zawadi. Uliza kwanza mahali pengine. Ofisi ya TRIO, ambayo huwasaidia wanafunzi wenye kipato kidogo au ambao wazazi wao hawana shahada, katika baadhi ya vyuo huazimisha vitabu. Vyuo vingine vina mfuko wa dharura.

Kwa nini nasisitiza wiki ya kwanza

Mimi nilisoma Nyarugusu, mtaala wa Kongo, darasa lenye vitabu vichache kuliko madawati. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tulinakili, na mtihani ulitoka ubaoni. Vijana wetu wengi wametoka kwenye shule za namna hiyo na walifaulu. Kwa hiyo pesa inapokosekana hawasemi nyumbani. Wanajiambia watasikiliza kwa makini na kuandika, kama zamani. Hapa haiendi hivyo. Profesa anazungumzia nusu ya sura, nusu nyingine unatakiwa uwe umeisoma, na mtihani unatoka kote. Tena anayesoma kwa lugha ya tatu au ya nne anahitaji siku mbili pale mwenzake anapohitaji jioni moja. Akikosa kitabu wiki tatu za mwanzo, hazirudi.

Mwisho wake kijana anaiacha kozi katikati ili asifeli. Hajui kwamba kozi aliyoiacha inahesabiwa kati ya alizojaribu, na kwamba ili kuendelea kupata msaada wa serikali ni lazima amalize sehemu ya kutosha ya kozi anazojaribu. Muhula mmoja wa namna hiyo huleta onyo, na ukifuatwa na mwingine msaada unaweza kusimamishwa. Dola 90 za msimbo zimekula maelfu ya Pell. Mzazi, hata kama wewe mwenyewe hukusoma chuo, unaweza kumwuliza mwanao wiki ya kwanza: vitabu vyote unavyo? Msimbo je? Swali hilo linampa nafasi ya kusema ukweli.

Risiti zote za vitabu zitunzwe, kwenye bahasha au picha kwenye simu. Wakati wa kujaza kodi kuna nafuu iitwayo American Opportunity Tax Credit, hadi dola 2,500 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, kwa miaka minne ya kwanza ya chuo. Vitabu vinavyohitajika kwa kozi vinahesabiwa hata kama hukuvinunua chuoni, ila si vile vilivyolipwa na msaada usiotozwa kodi. Hadi dola 1,000 kati ya hizo zinaweza kurudi hata kwa familia isiyodaiwa kodi yoyote. Peleka risiti pamoja na fomu 1098-T kutoka chuoni. Vituo vya VITA hujaza kodi bure kwa familia zenye kipato cha chini na cha kati.

Na muhula ukiisha Desemba, vitabu ulivyonunua viuze haraka, kabla toleo jipya halijatoka. Duka la chuo hulipa kidogo. Kwanza tangaza kwa wenzako wa jumuiya, kuna mtu atachukua kozi hiyo Januari. Ofisini kwetu tumetenga rafu ya vitabu vya chuo. Anayetaka kuacha chake aandike ISBN na jina la kozi kwenye karatasi ndani ya jalada, na anayehitaji aje achukue.